Maswali na majibu: Nani anaishi chini ya jiwe, kutoka Mau hadi Ziwa Victoria

Toleo lililopita niligusia jiwe moja nililoligeuza katika kijito kinachomwaga maji yake kwenye mto Nyangores, juu kidogo ya Bomet, na wadudu 11 niliowahesabu upande wake wa chini. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenifurahisha mno, na karibu zote zimetoka kwa watu wanaokaa kando ya mto Mara au matawi yake. Kwa asiyeufahamu: Mara inazaliwa msitu wa Mau nchini Kenya, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Inateremka kwa matawi mawili, Amala na Nyangores, inapita Maasai Mara na Serengeti, inajipenyeza katika kinamasi cha mafunjo upande wa Tanzania, kisha inaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, kwenye mita 1,134. Safari nzima ni kama kilomita 400. Majibu yangu nitayashikilia kwenye mto huo.

Nilipeleka wanafunzi kwenye kijito cha msituni, na wiki iliyofuata kwenye daraja la mjini. Mto ni uleule, ila wadudu karibu wote walikuwa wengine. Je, tulikosea namna ya kuwavua?
*Mwalimu wa sekondari, Bomet*

Hamkukosea hata kidogo, mwalimu. Mdudu wa majini hukaa pale chakula chake kinapomfikia na pale anapoweza kupumua, na mambo hayo mawili hubadilika kadiri mto unavyoteremka.

Anza msituni. Kijito kina upana wa hatua mbili tatu, matawi ya miti yamekutana juu yake. Jua haliingii, kwa hiyo ule utelezi wa kijani kwenye mawe ni haba. Riziki yote inatoka juu: majani, vijiti, maua, matunda yaliyooza. Jani likishalowa wiki kadhaa, kuvu na bakteria huliingia na kulilainisha, na hapo ndipo watafuna majani wanapolisogelea. Kama wanafunzi wako waliokota kitu mfano wa kijiti chenye pande tatu, kikitembea chenyewe, basi huenda walikutana na lava (mtoto wa mdudu) wa familia ya Pisuliidae, familia isiyopatikana kokote duniani ila Afrika bara na Madagaska. Lava huyo hukata vipande vya jani, akaviunganisha kwa hariri inayotoka mdomoni mwake, akajifanyia ala ya pembetatu ya kujihifadhi. Mweke kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo, usiliguse sinia kwa dakika moja. Kwanza kichwa kinachungulia, halafu miguu sita, halafu nyumba nzima inaanza kuburutwa. Nimeshaona darasa la watoto 40 likinyamaza kwa ajili yake.

Teremka sasa. Mto umepanuka, miti ya ukingo huu haigusani tena na ya ukingo wa pili, jua linapiga mawe na mwani unaota. Huku ni kwa wakwangua mawe. Utamkuta tunutu, yaani mdudu mchanga ambaye hajaota mbawa, wa wale wadudu wa siku moja, waitwao hivyo kwa kuwa wakiota mbawa huishi muda mfupi mno: mwili bapa kama kucha, macho juu ya kichwa, analalia jiwe kiasi kwamba mkondo mkali unampita mgongoni bila kumng'oa. Na yale majani yaliyotafunwa huko juu hayakupotea. Yamekuwa makombo na kinyesi, yanasafiri na maji, na wachuja maji wanayatega. Kuna ndugu wa yule mwenye ala ambaye hajengi ala. Anatandaza wavu wa hariri kati ya mawe mawili, wenye matundu yaliyopangika kama ya chekeche, kisha anakaa pembeni yake kusubiri.

Mto ukifika tambarare maji ni mapana na mazito kwa udongo, jua halifiki chini, na majani yanayoanguka kutoka kingoni ni machache mno kwa ukubwa wa mto. Kilichobaki ni vumbi la chakula, na wanaotawala ni waokota makombo: minyoo, na lava wa vijinzi waliojichimbia topeni. Wawindaji, mfano tunutu wa kereng'ende, utawakuta safari yote.

Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake wa Marekani waliyaunganisha haya katika nadharia moja, kwamba mto ni mwendelezo na wanaoishi chini hutegemea kile ambacho wa juu wameshindwa kukimaliza. Naiheshimu sana nadharia hiyo, ila ilitokana na mito ya misitu ya Amerika Kaskazini, ambako majani hupukutika kwa msimu mmoja. Ilipoletwa kwetu ilileta fumbo. Mwaka 2002 Michael Dobson na wenzake walichunguza vijito vya nyanda za juu za Kenya wakaona watafuna majani ni wachache mno. Sasa majani yote yale yanaliwa na nani? Sehemu kubwa ya jibu ni kaa wa mtoni, anayelipasua jani kwa gando na kulimaliza upesi kuliko mdudu yeyote. Halafu mwaka 2014 Frank Masese na wenzake walipasua matumbo ya wadudu hao kuona hasa wamekula nini, badala ya kuazima majedwali ya nchi za baridi, na wakakuta watafuna majani wetu ni wa aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Tulikuwa tumewaandika kwenye daftari lisilo lao.

Jambo moja la mwisho kwako, mwalimu. Tofauti mliyoiona kati ya msituni na darajani haikuletwa na mteremko peke yake. Kilomita chache hazitoshi kuugeuza mto wote. Mji nao umetia mkono: sabuni, takataka, udongo wa barabara. Warudishe wanafunzi sehemu ya tatu, chini ya msitu lakini juu ya mji, na hapo mtaweza kutenganisha kilicholetwa na mto na kilicholetwa na watu.

Nina shamba linalogusa Amala. Marehemu baba alikata miti ya kingoni, nami nimepanda mikaratusi mahali pake. Si bora kuliko kutokuwa na kitu?
*Mkulima, karibu na Mulot*

Kwa kushika udongo, ndiyo, ni bora kuliko kingo tupu. Kwa wadudu, nafuu ni ndogo. Jani la mkaratusi ni gumu na lina mafuta, hukaa majini muda mrefu kabla halijalainika, na watafuna majani huchelewa kulikubali. Tena huo ndio mti mmoja tu unaodondosha majani hapo. Kingo yenye miti ya asili ya aina nyingi, mizambarau mwitu ikiwemo, huupa mto majani laini yanayoliwa upesi na magumu yanayoliwa taratibu, kwa hiyo mezani hapakosi kitu mwaka mzima.

Lakini ukiniuliza kipi kinaumiza zaidi, nitakwambia udongo. Mdudu wa mtoni anaishi katika nafasi kati ya jiwe na jiwe. Mvua ikishusha udongo wa shamba, au ng'ombe wakikanyaga kingo hiyohiyo kila siku, nafasi hizo zinazibika, nyavu za wachuja maji zinajaa tope, na matamvua ya tunutu yanashindwa kupumua. Ukigeuza jiwe unalikuta limekaa kwenye matope kama jino kwenye ufizi. Ningekuomba mambo mawili, ndugu yangu: acha ukanda wa kingoni usiolimwa, hata kama ni hatua chache tu, na wachagulie ng'ombe sehemu moja ya kunyweshea yenye mawe. Mikaratusi usiing'oe yote kwa mkupuo. Panda ya asili katikati yake, nayo ikishika ndipo upunguze.

Sisi tunaowatembeza wageni huwaambia kuwa viboko wanaulisha mto. Mgeni mmoja akasema hapana, wanauchafua. Nani mkweli?
*Mwongoza watalii, Narok*

Nyote wawili, na swali lako ndilo lililonifanya nilale usiku wa manane nikiandika.

Kiboko hula nyasi usiku nchi kavu na mchana hurudi majini, na huko ndiko hujisaidia. Amanda Subalusky na wenzake walipiga hesabu mwaka 2015: viboko zaidi ya 4,000 wa Mara huingiza mtoni zaidi ya kilo 36,000 za kinyesi kila siku. Fikiria malori yakimwaga nyasi zilizosagwa siku hadi siku, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana Mara haifuati ile nadharia ya mwendelezo. Katikati ya safari, mahali ambapo mto ungetakiwa kuishi kwa makombo ya msitu wa Mau, unapata mlo mpya kabisa kutoka savana. Wachuja maji na waokota makombo wanaoishi chini ya madimbwi ya viboko hawamtegemei Mau peke yake.

Ongeza nyumbu. Watafiti haohao walionyesha mwaka 2017 kwamba wastani wa nyumbu 6,250 huzama Mara kila mwaka, tani 1,100 za nyama na mifupa. Nyama huisha kwa wiki chache, ila mifupa huchukua miaka 7 kuoza, na katika muda wote huo inaota utando wa mwani na bakteria unaoliwa. Mamba na tai ndio wanaopigwa picha. Mimi macho yangu huenda kwenye ule mfupa wenye utelezi, uliojaa vijidudu, miezi mingi baada ya wageni kuondoka.

Upande wa mgeni wako ni huu. Dimbwi lenye viboko wengi na maji machache hujaa kinyesi chini, kinaoza, oksijeni inaisha. Mvua ikinyesha ghafla juu, maji yale mabovu husukumwa kwenda chini, na samaki hufa. Utafiti wa mwaka 2018 uliochapishwa na Christopher Dutton na wenzake uliieleza njia hiyo hatua kwa hatua hapohapo Mara. Wadudu wanaostahimili hali hiyo ni wachache, hasa lava wa vijinzi ambao damu yao ina hemoglobini, nyekundu kama yetu, na hivyo wanaweza kuishi penye oksijeni kidogo sana.

Kwa hiyo kilicho muhimu ni maji. Mto ukiwa na maji ya kutosha, kinyesi cha kiboko ni chakula. Ukikauka, kinyesi hichohicho ni sumu. Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania umetuonyesha hilo. Ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kwenye madimbwi yaliyobaki na viboko wengi, anuwai ya samaki na wadudu imeshuka. Waambie wageni wako viboko wanaulisha mto, kisha waonyeshe kina cha maji.

Kwa nini usubi unauma penye maporomoko, na mbu wanazaliwa penye dimbwi?
*Msomaji, Mahenge*

Uko mbali na Mara lakini umeuliza la maana, na Mahenge mnaujua ugonjwa wa usubi kuliko wengi wetu. Lava wa usubi ni mchuja maji. Anajishikiza kwenye jiwe au jani kwa sehemu ya nyuma ya mwili, ametanua vifagio viwili vya mdomoni, na mkondo ndio unaomletea chakula. Maji yakisimama, hali. Kiluwiluwi cha mbu kinapanda juu kuvuta hewa kwa mrija wake, mkondo ungekichukua. Hivyo mto uleule una mwenyeji mwingine kila baada ya hatua 20, kutegemea maji yanakimbia au yamelala. Mito inavyoteremka kwa ngazi, usubi nao unarudi kila penye ngazi.

Kuna kisa kimoja ambacho sichoki kukisimulia. Mwaka 1946 katika bonde la Kodera, Nyanza nchini Kenya, upofu wa mtoni, yaani huohuo ugonjwa wa usubi, ulikuwa mkali. Watafiti Garnham na McMahon walitia DDT, dawa ya kuua wadudu, kwenye mito na usubi wa aina ya Simulium neavei ukatoweka pale, ingawa hakuna aliyekuwa amewahi kumwona lava wake majini. Walitafuta kwenye mawe, kwenye majani, hawakumpata. Siri ilifichuka mwaka 1950: lava wale walikuwa wamejishikiza kwenye kaa, wakibebwa kila aendako. Aina nyingine za usubi zilikutwa zimepanda tunutu wale bapa niliowaeleza hapo juu. Usubi wa neavei ulimalizwa Kenya nzima katika miaka ya 1950. DDT sitaipigia debe, maana haichagui inayemuua. Ila kaa huyo anayewapasulia wenzake majani ndiye aliyekuwa akimbeba adui yetu, na ukikata kivuli cha kijito, kaa akaondoka, usubi wa aina hiyo unaondoka naye.

Shikamoo mwandishi. Kama maji yanasukuma wadudu kila siku kuja ziwani, mbona huko juu hawaishi?
*Mwanafunzi wa darasa la sita, Musoma*

Marahaba, mwanangu. Swali lako liliwasumbua wataalamu wa dunia nzima. Ni kweli wadudu wanachukuliwa na maji, na wengi wao usiku. Jude Mathooko, aliyetega nyavu katika mto Naro Moru wa mlima Kenya, aliona hivyo. Mchana samaki wanaona, kwa hiyo mdudu anajificha chini ya jiwe. Giza likiingia anatoka kula, na akiteleza anaondoka na mkondo.

Mwaka 1954 Karl Müller, aliyechunguza vijito vya Sweden, alitoa jibu: wakiota mbawa, majike huruka kuelekea juu ya mto kabla ya kutaga. Wanarudisha kwa mbawa kile maji yalichochukua. Kuna na sababu ya pili. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, pengine maelfu, na jiwe la huko juu lina nafasi ya wachache tu. Hata wengi wakisombwa, waliobaki wanatosha kujaza jiwe upya. Wewe uliye Musoma hupati mdudu wa Mau, maana wengi huliwa au hufia njiani.

Tukipumzika kuvua dagaa wakati wa mbalamwezi, taa za mwalo hujaa wadudu weupe wenye mikia mirefu. Asubuhi wamekufa wote. Ni dalili ya nini?
*Mvuvi, Kinesi*

Hakuna baya, ndugu. Kwa maelezo yako nadhani ni Povilla adusta, mdudu wa siku moja anayeishi utotoni ndani ya mashina ya mafunjo na mbao zilizozama, katika mashimo aliyoyatandika hariri. Chunguza mbao za mtumbwi mkuukuu, utayaona mashimo yake. Mwaka 1955 mtafiti Hartland-Rowe alichapisha uchunguzi kutoka Uganda akionyesha kuwa wanatoka majini kwa kufuata mwezi, usiku wa siku chache baada ya mwezi mpevu. Mkubwa hana mdomo wa kula. Anatoka, anapandana, anataga, anakufa kabla ya alfajiri. Wakitoka kwa makundi bado kuna mafunjo ya kutosha kuwalea. Ukiona miezi inapita bila wao, niandikie.

Hatuna maabara. Tunawezaje kujua hali ya mto wetu kwa wadudu? Na tukikuta wazuri, maji tunaweza kunywa?
*Kikundi cha watumia maji, Silibwet*

Chukueni chujio la jikoni, sinia jeupe na mtu mmoja wa kuchochea mawe kwa mguu huku mwingine ameshika chujio upande wa chini. Njia iitwayo miniSASS, iliyoanzia Afrika Kusini, ina makundi 13 tu na kila kundi lina alama. Nzi-mawe, mwenye mikia miwili na asiyevumilia uchafu, ana 17. Wadudu wa siku moja wana 11, isipokuwa wale wadogo wanaoogelea kama visamaki, ambao wana 5. Wenye ala na wenye nyavu 9. Kaa 6, konokono 4, minyoo na ruba 2. Mnajumlisha alama za makundi mliyoyapata, mnagawa kwa idadi ya makundi hayo. Tanzania wataalamu wana mfumo wao mpana zaidi, TARISS, ulioandaliwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pimeni mahali palepale, kila baada ya miezi mitatu, na wekeni daftari. Chupa ya maji huonyesha hali ya siku mliyochota. Nzi-mawe amekaa pale miezi mingi, na angekufa kama sumu ingepita wiki iliyopita usiku.

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Nzi-mawe anajali oksijeni na udongo, hajali kipindupindu wala homa ya matumbo. Kijito kinaweza kumjaa yeye na bado kikawa na vijidudu vilivyoletwa na mtu mmoja aliyejisaidia juu ya mto asubuhi hiyo. Hata mkipata alama za juu kabisa, chemsheni.